Chakula gani hakinikubali? Ya kuweka sawa kabla hujaanza kuondoa vyakula

Mara ya kwanza nilianza Jumatatu, kwa hasira. Jumapili usiku nilikuwa nimelala chali, tumbo limejaa gesi kama ngoma, nikaapa: kesho ngano basi, maziwa basi, kitunguu basi. Alhamisi palikuwa na arusi Kibokoni, hapa Mombasa. Sinia la pilau likatua, tukalizunguka wanne, na pilau ya arusi hupata rangi yake kutokana na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kama kahawa. Nikala. Ijumaa tumbo likanikata, nikasema ni kitunguu. Lakini nilikuwa pia nimekunywa soda mbili, nimekula halwa, na nimelala saa tisa za usiku. Nilichokijua Ijumaa ni kile kile nilichokijua Jumapili.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Unaacha vyakula unavyovishuku kwa muda, kwa kawaida wiki mbili hadi sita, unatazama kama dalili zinatulia, kisha unavirudisha kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane. Ni jaribio la kujibu swali, na likishajibiwa linakwisha. Wengi tunaukimbilia upande wa kuondoa kwa sababu ndio unaohisi kama kazi. Mimi nimejifunza kwamba jaribio hili hufaulu au huharibika kabla ya siku ya kwanza, kwa mambo madogo ambayo hayana uhusiano na ushupavu wa mtu.

Kabla ya yote, hospitali. Choo chenye damu au cheusi kama lami, kupungua uzito bila kutaka, homa, kutapika kusikokoma, chakula kukwama kooni, upungufu wa damu, kuamshwa usiku na kuharisha: hayo hayangoji daftari la chakula. Pima choo pia. Amiba na giardia, vijidudu vya tumboni, huleta gesi na kuharisha ambako mtu hukusingizia maziwa kwa miezi, na giardia ikishatibiwa inaweza kumwachia mtu wiki kadhaa ambapo maziwa kweli hayamkubali, kisha hali ikarudi sawa yenyewe. Na hapa Mombasa tuulizane jambo jingine: maji unayokunywa yanatoka wapi? Kama wiki hii ni ya mfereji, wiki ijayo ni ya kisima yenye chumvi, na nyingine ni madumu ya mkokoteni ambayo hakuna ajuaye yamejazwa wapi, basi unaweza kuacha mahamri mwaka mzima na tumbo lisibadilike. Amua chanzo kimoja cha maji, yachemshe au yatie dawa, na usikibadilishe mpaka jaribio liishe.

Kuna kipimo kimoja ambacho lazima kitangulie, na mimi nilikiruka. Ugonjwa wa siliaki ni wa kinga ya mwili kuushambulia utumbo mwembamba mtu anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai (rye). Hupimwa kwa damu, kutafuta kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na kinga ya mwili, na kingamwili hizo hushuka mtu akiacha ngano. Yaani ukiacha ngano kwanza ukapima baadaye, jibu linaweza kusema huna na kumbe unao. Daktari aliponiuliza nimeacha ngano tangu lini nikamjibu kwa fahari, "Mwezi na nusu sasa." Akaweka kalamu chini. Akaniambia nirudi kwenye mkate na chapati kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6, ndipo nije kutolewa damu. Wiki 6 za kula kile nilichojifunza kukikimbia, kwa sababu tu sikuuliza mapema. Jibu lilitoka kwamba sina, lakini muda ulikuwa umekwenda.

Mzio, au aleji, usiuchanganye na haya. Mtu akila kamba midomo ikavimba, mwili ukatoka vipele vya kuwasha, kifua kikabana au akazimia, huyo hana ruhusa ya kujirudishia kamba nyumbani "aone". Jaribio la namna hiyo hufanyika mbele ya daktari mwenye dawa mkononi, au halifanyiki kabisa. Chakula kisichokukubali hukutesa. Mzio unaweza kuua.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa samaki, niongeze kisa kinachowachanganya wengi. Jodari, nguru na vibua, wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huzalisha histamini, kemikali iletayo dalili kama za mzio, ndani ya nyama yao. Histamini haiondoki kwa kupikwa, wala kukaangwa, wala kutiwa kwenye friza baadaye. Mlaji, mara nyingi ndani ya saa moja, huhisi uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, pengine vipele na kuharisha. Anaapa kwamba ana mzio wa jodari. Kumbe juma lililopita alimla na hakupata lolote, na safari hii hata jirani aliyenunua kwenye beseni lile lile ameugua. Hilo ni tatizo la barafu. Nenda hospitali kama kawaida, lakini usimfute jodari kwenye maisha yako kabla ya kuuliza alikaa wapi tangu alipotoka majini.

Wapo wasiopaswa kufanya haya peke yao: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, aliyekonda, na mtu ambaye aliwahi kuwa na ugomvi na chakula chenyewe, wa kujinyima au kujitapisha. Hao waende kwa mtaalamu wa lishe. Kenya wataalamu hawa husajiliwa kwa sheria ya mwaka 2007 iliyounda taasisi yao ya kitaifa, kwa hiyo kumwuliza mtu leseni yake si utovu wa adabu. Na ukiuziwa kipimo cha damu cha kukuorodheshea vyakula mia "vinavyokudhuru" kwa kingamwili aina ya IgG, weka pesa zako mfukoni. Kingamwili hizo huonyesha kwamba chakula umekila. Mtu wa Mombasa atatoka na nazi, wali na samaki kwenye orodha, na ataishi na nini?

Sasa daftari. Wiki mbili kabla ya kuondoa chochote, andika kila unachokula kama kawaida yako, bila kujirekebisha: saa, chakula, kiasi, dalili, saa ya dalili, usingizi, wasiwasi, dawa, hedhi. Siku mbili za kwanza utaona upuuzi. Ukurasa wangu mmoja ulisema hivi: "Saa moja asubuhi, mahamri matatu, mbaazi, chai kikombe kikubwa. Saa nne, tumbo limejaa, sketi inabana." Kwa miaka nilikuwa nikisema mahamri yananidhuru. Lakini ifungue sahani hiyo. Mahamri yana ngano, hamira, sukari, tui na iliki. Mbaazi zina mbaazi zenyewe, tui tena, na kwetu hutiwa kitunguu. Chai ina maziwa nusu kwa nusu. Washukiwa ni wengi na wote wamekaa meza moja. Jina la chakula halikuambii kitu. Viungo vyake ndivyo vinavyohojiwa. Kwa hiyo kando ya kila mlo andika vilivyotiwa ndani, na kama hukupika wewe, uliza.

Daftari likishajaa ndipo uchague swali. Hapa maoni yangu ni makali kidogo: usianze na orodha ndefu uliyotumiwa na mtu. Anza na swali dogo kuliko yote linaloweza kueleza dalili zako. Kama gesi na kuharisha vinafuata maziwa, ondoa maziwa peke yake kwa wiki mbili. Watu wazima wengi duniani, karibu thuluthi mbili, hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, laktosi, na hilo ni maumbile tu. Wengi wao hata hivyo huvumilia gramu 12 hivi za laktosi kwa mara moja, sawa na kikombe cha maziwa cha mililita 250, hasa kikinywewa pamoja na chakula. Ndiyo maana mtu anaweza kukosana na bilauri ya maziwa na asikosane na maziwa kidogo ya chai, wala na mtindi, ambao bakteria wake wameshaila sehemu ya laktosi. Kumbuka kwamba maziwa hujificha: kwenye biskuti, mikate ya dukani, soseji na chokoleti. Pakiti ikiandika "whey", hayo ni maji ya maziwa.

Swali kubwa zaidi ni la kundi linaloitwa FODMAP, utaratibu uliotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia. Hizi ni aina za sukari na wanga mfupi ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri. Huvuta maji, na zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha, ndipo gesi na maumivu. Ziko kwenye ngano, kitunguu maji, kitunguu saumu, kunde, mbaazi, maharagwe, maziwa, asali, tikiti maji na embe. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Pwani unaweza kulia. Ila angalia vilivyobaki: wali, sima, muhogo, viazi, samaki, kuku, mayai, mchicha, bilingani, karoti, papai, nanasi, machungwa, ndizi zisizoiva sana, tui jepesi kwa kiasi. Muhogo wa kukaanga wa Mama Ngina Drive, wenye pilipili na ndimu, bado ni wako, mradi mafuta yake hayajakaanga kitu kingine. Hilo la mafuta ni muhimu kwa aliyegundulika na siliaki, maana viazi karai huvikwa unga na chembe zake hubaki kwenye karai. Vitumbua navyo uliza: wengine huongeza ngano kwenye mchele.

Kizingiti chenyewe ni kitunguu, na kwenye jiko letu hakuna mchuzi usioanzia hapo. Nilimweleza khalati yangu kwa simu kwamba nakuja ila sili kitunguu. Nilipofika, nikamkuta amekaa kibaoni na bakuli la mchuzi wa nguru mapajani, kijiko mkononi, anaokota vipande vya kitunguu kimoja kimoja na kuviweka pembeni ya sahani. "Nimekutolea vyote, mwanangu. Hata kimoja hutakiona." Ningesema nini? Wanga wa kitunguu, fruktani, huyeyuka kwenye maji. Kitunguu kikishachemka mchuzini, kukitoa ni kama kuutoa mfuko wa majani ya chai na kusema maji hayana chai. Nilikula wali na kipande cha samaki alichokuwa amekikaanga kando, nikauacha mchuzi, naye akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Lakini fruktani haiyeyuki kwenye mafuta, na hapo ndipo pa kuponea. Kaanga punje za kitunguu saumu kwenye mafuta matupu, yasiyo na tone la maji, zitoe zote, kisha pikia mafuta hayo siku hiyo hiyo. Usiyaweke chupani kwa siku nyingi, kwa kuwa huweza kuota sumu ya botulini. Majani ya kijani ya kitunguu yanafaa, kichwa cheupe hakifai. Kuna pia mvuje, utomvu mkavu wa harufu kali, ambao wengine tunaujua kwa mafusho tu. Wajaini wa mji huu hawali kitunguu wala saumu kwa sababu ya dini yao, na wapishi wa Kihindi wasiotumia vitu hivyo hutia mvuje kidogo kwenye mafuta ya moto, na chakula kikanukia. Ukienda kuununua kwa wauza viungo karibu na Marikiti, ulizia uliochanganywa na nini: ule wa unga mara nyingi huwa umetiwa unga wa ngano. Bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, tangawizi na ukwaju kidogo havina shida. Unga wa mchuzi wa pakiti na vile vipande vya supu vina shida, kwa kuwa kitunguu kimo karibu vyote.

Nunua kabla. Siku ya kwanza ikikukuta na friji tupu, saa kumi jioni utakuwa umesimama kwa muuza bhajia. Mimi niliweka mayai, mchele, viazi, muhogo uliomenywa kwenye friza, samaki waliokatwa vipande vya mlo mmoja mmoja, na karanga za kwenye mkoba. Ukiondoa maziwa kwa zaidi ya wiki chache, fikiria kalisi itatoka wapi: uji wa wimbi una kalisi nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao husaidia. Dawa za daktari usiziache kwa kuwa kidonge kina laktosi. Ni kidogo mno. Ila ukiwa unakaribia kumaliza dozi ya antibayotiki, subiri kwanza, maana dawa hizo zenyewe huvuruga tumbo.

Kalenda nayo. Ramadhani siyo wakati wake. Saa za kula zimebadilika, futari ina maharagwe, kaimati na maziwa kwa pamoja, na hutajua kilichokupata ni chakula au ni kula kwingi baada ya kushinda na njaa. Idd, Maulidi, arusi ya nyumba yenu, mitihani, safari ya bara: pitisha. Desemba embe zikimwagika Kongowea nisingemshauri mtu apendaye ngowe ajitese. Kwa wanawake, hedhi huweza kuleta gesi na kuharisha peke yake, kwa hiyo usiilinganishe wiki ya hedhi na wiki isiyo ya hedhi ukadhani umepata jibu. Tafuta wiki sita tulivu hivi. Hazipo nyingi kwa mwaka, najua.

Na watu. Huku kwetu kukataa chakula cha mtu ni neno zito, na "onja tu, la baraka" imeangusha mipango mingi kuliko njaa. Usielezee sayansi sinia likiwa limeshawekwa. Piga simu kabla, sema una dawa ya tumbo yenye masharti ya mwezi mmoja (si uongo sana), na utaje unachokula badala ya usichokula: "Nitakula wali mweupe na samaki wa kukaanga, khalati, usijisumbue." Chai ya rangi na tangawizi inapokewa kwa heshima nyumba yoyote. Nyumbani kwako usiwalazimishe wengine. Pika sufuria moja isiyo na kitunguu, kisha wao watie kachumbari yao sahanini.

Kitu cha mwisho cha kuandika kabla ya kuanza ni ukurasa wa kurudisha, ule ambao wengi hawaufikii. Wanajisikia vizuri, wanaogopa, wanabaki na vyakula sita kwa mwaka mzima, na wanakonda bila kumjua adui. Andika tarehe ya mwisho ya kuondoa. Dalili zisipobadilika kabisa mpaka wiki ya sita, chakula si chanzo, au si hicho. Rudisha vyote urudi kwa daktari. Zikitulia, rudisha kimoja kwa siku tatu, kikiwa peke yake na safi, huku vingine vyote vikibaki vimeondolewa: maziwa robo kikombe siku ya kwanza, nusu ya pili, kikombe kizima ya tatu. Maziwa matupu, si chai na mahamri. Dalili zikija, simama hapo hapo uandike kiasi kilichozileta, kwa kuwa mara nyingi tatizo ni kiasi. Kisha pumzika siku tatu, mpaka tumbo litulie, ndipo uje na kingine. Mbaazi jaribu za kuchemsha tu, na uandike kama zililowekwa usiku na maji yake kumwagwa, maana kuloweka hupunguza ile sukari ya gesi.

Mara ya pili nilianza Jumamosi, wiki mbili baada ya Idd, daftari likiwa na kurasa 14 zilizojaa. Ngano ilirudi bila neno. Maziwa yalirudi mpaka kikombe kimoja. Mbaazi bakuli dogo, sawa; bakuli la kawaida, sketi ikabana saa tatu baadaye. Kitunguu nilikiacha cha mwisho, nikaenda kukijaribu kwa khalati, kijiko kimoja cha mchuzi siku ya kwanza, naye amesimama mlangoni mikono kiunoni akisubiri nimwambie.